Nani Alipanga Bei ya Shahada?

Mwaka 1971, wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe walianza jaribio katika shule ya msingi ya Kwamsisi. Walitaka kuunda shule ya jamii, yaani shule inayokiingiza kijiji darasani badala ya kuwatoa watoto kijijini. Masomo yalipangwa upya yaendane na kazi za wanakijiji. Mafundi na wazee waliitwa kufundisha wanayoyajua, na shamba la shule likahesabiwa kuwa sehemu ya somo badala ya adhabu ya wachelewaji. Jaribio lilivutia wakubwa. UNICEF na UNESCO zilishirikiana na serikali kuupeleka mfano huo katika shule za mikoa mingine, chini ya mpango uliojulikana kama MTUU. Ndiyo maana jina la Kwamsisi, ambalo ukilitaja Dar es Salaam utaulizwa ni wapi huko, limo katika vitabu vya historia ya elimu vinavyosomwa nje ya Tanzania.

Wazazi walikuwa na wasiwasi mmoja ambao wataalamu hawakuweza kuuondoa. Mtihani wa darasa la saba ulibaki uleule wa taifa zima. Mtoto wa Kwamsisi aliyefundishwa maisha ya kijiji chake angeshindana na mtoto wa Tanga mjini aliyefundishwa mtihani. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na aliyezikosa hakuwa na mlango mwingine. Wazazi wakaona kwamba shule ya jamii, kwa uzuri wake wote, inaweza kuwa namna ya adabu ya kuwaambia watoto wao wabaki na jembe. Kufikia miaka ya 1980 jaribio lilikuwa limefifia.

Mimi ni mtoto wa Kwamsisi. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika historia. Nilikutana na shule ya kijiji chetu kwenye maktaba, katika kitabu cha Kiingereza. Nilichogundua ni kwamba waandishi wengi huwaonea huruma wale wazazi, kana kwamba hawakuielewa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea. Mimi naona waliielewa vizuri, na hesabu waliipiga sawasawa. Nataka kuifuata hesabu hiyo tangu mwanzo wake hadi leo, kwa sababu nyumbani kwetu inapigwa upya mwaka huu.

Upande wetu wa Handeni na Korogwe, watu walijifunza thamani ya kusoma kutoka kwenye mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yakaenea kandokando ya reli ya Tanga. Katika mashamba hayo mkataji alilipwa kwa kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, na siku haikuandikwa mpaka umalize kiasi ulichopangiwa. Wengi waliletwa kutoka mbali na kuitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa. Aliyeandika kwenye kipande alikuwa karani. Alikaa kivulini, alivaa viatu, na alilipwa mwisho wa mwezi bila kujali mvua. Tofauti kati ya yule wa juani na yule wa kivulini ilikuwa miaka michache ya shule. Hakuna hotuba iliyohitajika kumweleza mzazi faida ya elimu. Aliiona kwa macho, ikiwa imeshika kalamu.

Uhuru uliikuza tofauti hiyo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, chuo kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na tano. Mwaka 1964 chuo kilikuwa kimehamia Mlimani na masomo ya sanaa na sayansi za jamii yakaanza. Wakati huo wazungu walikuwa wanaondoka maofisini, na Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu. Kijana aliyesoma siasa au uchumi hakuwa na haja ya kutafuta kazi. Kazi ilikuwa inamsubiri, pamoja na nyumba, mkopo wa gari na ngazi ya mshahara iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Mitaani watu waliwaita wakubwa hao wapya naizesheni.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji apatazame kwa makini. Mshahara ule haukupangwa na soko. Mnunuzi wa shahada alikuwa mmoja tu, serikali, na bei aliirithi kutoka kwa utawala uliolazimika kuwashawishi Waingereza kuvuka bahari. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyolipia masomo. Mwanafunzi alisomeshwa kwa fedha za umma, naye akatia saini mkataba wa kuitumikia serikali baada ya kuhitimu. Nyerere alipenda kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, ni msaliti. Katika mfano huo shahada ni deni, ila mdai wake ni kijiji.

Mwaka 1966 deni liliitishwa. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watafanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wapatao 400 waliandamana hadi Ikulu kupinga. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza wote na kuwarudisha makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na viongozi wengine wa juu wakafuata. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo jaribio la Kwamsisi, ukilifuata nyuma hatua kwa hatua, lina mzizi mmoja katika ugomvi juu ya mshahara wa mhitimu.

Sera ilifanya kazi kwa kiasi chake. Kwa hesabu aliyoitoa Nyerere mwaka 1977, tofauti kati ya kipato cha juu na cha chini katika utumishi wa umma ilikuwa imeshuka kutoka mara 50 wakati wa uhuru hadi mara 9. Nayo Mlimani ilibadilika. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga viongozi na wabunge kuongezewa marupurupu. Walifukuzwa kwa mamia. Wa 1966 waliambiwa wanajipenda mno. Wa 1978 waliwauliza wakubwa kama wao hawajipendi, na adhabu ikawa ileile.

Lakini hata tofauti ya mara 9, kwa mtu wa Kwamsisi, ni kubwa. Zaidi ya hayo, yule mkufunzi aliyekuja kuhubiri shule ya jamii alikuwa mtu wa mshahara, na mshahara huo aliupata kwa kufaulu mitihani. Mzazi aliyataka maisha ya mhubiri kuliko mahubiri yake. Sioni kosa katika hilo.

Kilichofuata hakikutabiriwa na upande wowote: mnunuzi alipunguza kununua. Uchumi uliyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti ya kubana matumizi. Mshahara wa mhitimu uliliwa na mfumuko wa bei hadi maofisa wakaanza kufuga kuku nyuma ya nyumba za serikali. Mwaka wa masomo 1992/93 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama, kwa awamu. Wakati huohuo milango ya vyuo ilipanuka. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992, vyuo vya binafsi vikafuata, na mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Sayansi za jamii zilipanuka haraka kuliko nyingine, kwa sababu rahisi: somo la sosholojia linahitaji ukumbi, mhadhiri na kipaza sauti, wakati somo la udaktari linahitaji maabara na hospitali.

Kisha likaja deni la aina mpya. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mdaiwa aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wakati ambapo wengi walikuwa tayari wamekopa kwa masharti ya zamani. Juu ya hapo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Kuna watu waliolipa miaka kadhaa na kukuta deni limenona. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza hivyo Mei Mosi jijini Mwanza. Asilimia 15 ikabaki.

Bodi pia iliweka madaraja ya vipaumbele. Afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati vipo mbele. Sayansi za jamii, sheria na lugha vipo kundi la mwisho. Mwaka 2022 ukaongezwa Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Kwa maneno mengine, serikali bado inapanga bei ya shahada. Zamani ilifanya hivyo kwa ngazi za mishahara. Sasa inafanya hivyo kwa foleni ya mikopo. Kilichogeuka ni bega. Mwaka 1966 hasara ya shahada isiyolipa ingebebwa na hazina. Leo inabebwa na familia ya mkopaji.

Familia mojawapo ni yetu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL, na anataka kusoma sosholojia kama mimi. Mama amesema neno moja tu: "Dada yako atakueleza." Kaka yetu, ambaye aliishia kidato cha nne na anaendesha bodaboda, amesema mengi zaidi.

Tulikaa na kalamu. Tulichukua ada ya 1,300,000 kwa mwaka, inayokaribiana na niliyotozwa mimi, na posho ya chakula na malazi ya shilingi 10,000 kwa siku, ambayo ndiyo kiwango cha Bodi tangu 2022/23. Kwa wiki 34 za masomo, posho inafika 2,380,000. Jumla kwa mwaka ni 3,680,000, na kwa miaka mitatu ni 11,040,000. Hilo ndilo deni, ikiwa atapata mkopo wote.

"Hapo hujaniweka mimi," kaka akasema.

Alikuwa na haki. Gharama ya kusoma ni pamoja na fedha ambazo ungezipata kama usingesoma. Kaka anabaki na kama 10,000 kwa siku baada ya mafuta na matengenezo, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 3,120,000 kwa mwaka, na 9,360,000 kwa miaka mitatu. Ukijumlisha na deni, shahada ya mdogo wetu inagharimu zaidi ya milioni 20 kabla hajaandika barua ya kwanza ya kuomba kazi.

Upande wa pili wa karatasi tuliandika mshahara. Mwenye shahada anayeanza kazi serikalini, kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, alipata takribani 770,000 kwa mwezi. Toa asilimia 15 ya Bodi, toa pensheni, bima ya afya na kodi, anabaki na karibu 530,000 mkononi. Kwa mwaka ni kama milioni 6.3, mara mbili ya kaka. Deni litamalizika kwa miaka isiyopungua minane ikiwa mshahara hautapanda, na kile alichokikosa kwa kutoendesha bodaboda atakifidia kwa miaka mitatu hivi. Mama alifurahi. Kwa hesabu hiyo, shahada ya sosholojia inalipa.

Ila hesabu hiyo imesimama juu ya neno "anayeanza kazi". Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Picha zile za vijana wakiwa wamekaa majukwaani na bahasha zao zilitukuta tukiwa shuleni. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji walikuwa 135,027, takribani watu 85 kwa nafasi moja. Weka miaka ya kusubiri katika karatasi yetu uone. Kila mwaka anaokaa nyumbani bila kipato anapoteza milioni tatu na ushei, ambazo atahitaji mwaka mzima wa ajira kuzifidia. Akisubiri miaka mitano, atakuwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi ndipo alingane na kaka yake wa siku alipoingia chuo. Na akisubiri bila kukoma, karatasi haina upande wa pili.

Jirani zetu walishapita njia hii kwa ngazi ya chini yake. Wachumi wawili, Knight na Sabot, walichapisha mwaka 1990 utafiti uliolinganisha wafanyakazi wa mijini wa Kenya na wa Tanzania. Kenya ilikuwa imepanua sekondari, Tanzania ilikuwa imezibana kwa makusudi. Huko Kenya waliomaliza sekondari walishuka wakashika kazi zilizokuwa za watu wa shule ya msingi, kwa sababu walikuwa wengi kuliko meza za ofisini. Ndicho kinachotokea kwetu sasa kwa shahada. Katika banda la wakala wa fedha za simu unaweza kuhudumiwa na mtu aliyeandika tasnifu kuhusu umaskini wa vijijini. Lakini walipowapima wafanyakazi hao kusoma, kuhesabu na kufikiri, waligundua jambo jingine. Kipato kilifuata zaidi kile mtu anachokijua kuliko idadi ya miaka aliyokaa shuleni. Cheti kilifungua mlango. Aliyebaki ndani na kupanda alikuwa yule mwenye ujuzi.

Hilo ndilo nililomweleza mdogo wangu, kwa maneno ya nyumbani. Shahada ya sosholojia ni vitu viwili vilivyofungwa katika karatasi moja. Kimoja ni cheti, ambacho bei yake ilipangwa na serikali ya 1961 na imekuwa ikishuka tangu mnunuzi alipopungukiwa. Kingine ni kazi: kubuni dodoso, kuuliza maswali kijijini bila kumlisha mtu majibu, kuchambua takwimu kwa kompyuta, kuandika ripoti ambayo mtu ataimaliza. Kazi hiyo inanunuliwa na wengi zaidi, na mimi mwenyewe nalipia chumba changu kwa kukusanya takwimu za watafiti wengine wakati wa likizo. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kupata kitu cha kwanza bila cha pili, na chuo kikamvalisha joho.

"Sasa nisome au nisisome, dada?"

Nilimwambia asome, kwa masharti. Asiende chuo ambacho somo la takwimu linafundishwa ubaoni bila kompyuta. Asikope posho ya siku anazoweza kulala kwa shangazi. Na kabla ya kutia saini fomu, awaulize watu watano waliohitimu kozi hiyo miaka mitatu iliyopita: wanafanya nini, walisubiri muda gani, wanalipwa kiasi gani. Anajua watatu. Wawili kati yao hawapendi kuulizwa.

Ni hapo ninapoona tumewatupa wazazi wetu kwa mara ya pili. Wazazi wa Kwamsisi wa miaka ya 1970 walikisia kwa kumtazama mkufunzi na viatu vyake. Mama yangu anakisia kwa kunitazama mimi. Hesabu yetu ya mezani tuliitungia wenyewe, kwa viwango vya kuokoteza na usimulizi wa watu watatu. Wakati huohuo, kila mwezi waajiri wa nchi nzima wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa wadaiwa na kuipeleka Bodi. Anayepokea asilimia 15 anaujua mshahara. Anaijua pia kozi aliyosomea mdaiwa na chuo alichosoma, kwa kuwa ndiye aliyelipia. Anajua ni miaka mingapi ilipita kati ya kuhitimu na makato ya kwanza. Anajua, kwa kozi na chuo, ni wangapi ambao makato yao hayajafika mpaka leo.

Jedwali hilo, bila jina la mtu hata mmoja, lingetosha karatasi moja. Lingeweza kubandikwa kwenye ofisi ya kata, karibu na orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza. Wazazi wa hapa wanajua kusoma hesabu za namna hiyo. Wamezisoma tangu enzi za kipande.